Pikapu haivuti, na moshi haupo

Pikapu yangu ni dizeli ya zamani. Haina tabo ya kuisukumia hewa injini, haina kompyuta, haina taa ya kuniambia kinachoiuma. Kwenye tambarare huwezi kujua kama inaumwa. Ila ikishika mlima mrefu ikiwa na mzigo, nguvu inaisha kidogo kidogo. Nakanyaga resi mpaka chini na haiongezi kitu, nashusha gia, nashusha tena. Nikiegesha pembeni kwa muda mfupi, ikiondoka inavuta vizuri tu.

Kila niliyemweleza alikuwa na jibu mkononi. Nozeli zinazonyunyiza mafuta kwenye injini zimechoka. Pampu imekufa. Ringi za pistoni zimeisha, shusha injini. Yote yanawezekana, na hapo ndipo penye tabu. Pampu ya dizeli ikifunguliwa na mtu asiye na mashine ya kuipimia, inaweza kurudi mbovu kuliko ilivyokwenda.

Nikaanza na yasiyo na gharama. Klachi ikiteleza, injini hupiga kelele na gari halikimbii; kwangu sauti ilikuwa inashuka pamoja na mwendo. Breki zikishika, rimu huchemka. Nikapitisha mkono karibu na zote nne, hakuna iliyozidi mwenzake. Kisha kijana wangu akakanyaga resi hadi mwisho, mimi nikachungulia chini ya boneti kuona kama mkono wa pampu unagonga boliti yake ya kikomo. Kwenye gari kuukuu waya wa resi hulegea, au zulia hujikunja chini ya pedeli, mtu akadhani injini imezeeka. Mkono wa pampu yangu uligonga.

Kilichonishughulisha zaidi ni moshi, kwa sababu haukuwepo. Watu husifia gari lisilotoa moshi, na mimi nilikuwa naisifia hii. Lakini dizeli ikikosa hewa, kwa mfano filta ya hewa imeziba, hutoa moshi mweusi, maana mafuta yanaingia kuliko hewa ya kuyaunguza. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Injini inayokata pumzi mlimani huku ekzosi ni safi ina njaa: mafuta hayafiki. Halafu kuna lile la kupona ikipumzika. Ringi zilizoisha haziponi kwa kuegeshwa pembeni.

Basi nikachomoa mpira unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye filta ya dizeli. Mahali pake nikaweka mpira mweupe unaoonyesha ndani, na ncha yake ya pili nikaiingiza kwenye dumu la dizeli safi nililolifunga kamba imara kwenye bodi. Nikatoa upepo kwa pampu ya mkono. Vipovu vilipita vikubwa, vikawa vidogo, vikaisha, ukabaki mstari wa mafuta matupu. Mlima uleule, mzigo uleule, ikapanda bila kulegea. Nozeli, pampu, ringi, vyote nikavitoa kwenye orodha kwa dumu moja na kipande cha mpira.

Ugonjwa ulikuwa nyuma. Nilishuku kwanza mfuniko wa tangi: tundu lake la hewa likiziba, mafuta yanafyonzwa na hewa haiingii, na ukifungua utasikia tangi linavuta pumzi. Sikusikia kitu. Tukashusha tangi. Chujio lililo kwenye ncha ya mrija wa kufyonzea lilikuwa limevikwa utando wa kahawia, unateleza kama kamasi. Ni bakteria na kuvu. Huota pale maji yanapotuama chini ya dizeli. Mlimani injini inapofyonza kwa nguvu, utando unabanwa kwenye chujio. Gari likisimama unaachia, mafuta yanapita tena.

Tangi limeoshwa na kukaushwa, na mipira miwili iliyopasuka nyufa nimeibadili wakati nikiwa huko chini. Filta mpya imefungwa. Nyingine nimeiweka kwenye dashibodi pamoja na spana yake, kwa sababu uchafu uliokwisha kuingia kwenye mrija mrefu wa chini ya chesisi bado uko njiani, na utaishia kwenye filta. Kila wiki nitafungua ile koki ya chini ya filta nimwage maji. Jioni najaza mafuta kabla ya kuegesha, maana tangi tupu hutoa jasho ndani usiku.