Nyuma ya Godoro

Aprili 2018 mvua ilinyesha Dar mpaka Jangwani ikajaa na mwendokasi zikasimama. Sisi tulipanga Sinza, chumba na sebule. Maji hayakutuingilia mlangoni, nikashukuru Mungu nikanyamaza.

Kijana wangu alikuwa na miaka mitatu na kikohozi kisichoisha. Mchana anacheza kama kawaida, ikifika saa nane za usiku anaanza. Nilishampa sirapu za kila rangi, tangawizi na asali, antibiotiki dozi mbili. Mama jirani akasema nimwogeshe maji ya mwarobaini. Nikamwogesha.

Chumba kilikuwa na harufu, sikatai, ile ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Upande wa kitanda rangi ya ukuta ilikuwa imevimba. Fundi aliyeletwa na mwenye nyumba alikwangua kidogo, akasema, "Dada, hii chumvi tu," akapiga lipu nyepesi na rangi ya mafuta juu. Ukapendeza wiki tatu. Siku hizi najua chumvi ya ukuta ni nyeupe, ukiigusa inapukutika kama unga. Yetu ilikuwa na vidoa vyeusi, nilimwona fundi akivifunika kwa brashi, na sikusema kitu.

Usiku mmoja wa Mei kifua kikaanza kupiga filimbi. Nilipowasha taa niliona ngozi ya katikati ya mbavu ikizama kila anapovuta pumzi. Bodaboda, mvua, kanga kichwani. Hospitalini tulimkuta nesi wa zamu, wa makamo, asiye na maneno mengi. Alichukua chupa ya maji ya nusu lita, akatoboa kitako kwa kisu alichokipasha moto, akachomeka hapo pampu ya pumu, ile ya salbutamol, mdomo wa chupa akamwekea mtoto kinywani. Mimi macho yananitoka, nangoja mashine. "Mtoto hajui kuvuta pale pampu inapofyatuka," akaniambia. "Humu dawa inamsubiri." Baada ya kufyatua mara kadhaa zile mbavu zikatulia.

Kisha akauliza, "Akilala kwingine anakohoa?"

Nikakumbuka Krismasi, wiki mbili kwa bibi yake Dodoma. Hakukohoa hata usiku mmoja.

"Basi kavute kitanda."

Nilikivuta. Ukungu mweusi, fangasi tupu, umepanda kutoka sakafuni mpaka usawa wa mto wake, na mgongoni mwa godoro doa lilelile limejipiga kama mhuri. Kwa hasira nikachukua brashi, nikasugua ukuta mkavu, nikamwagia klorini, mtoto yupo sebuleni anaangalia katuni. Kabla sijamaliza nikaisikia filimbi imerudi. Nilimbeba mbio kwa jirani, pampu na chupa mkononi. Lile lilikuwa kosa langu mwenyewe, la fundi wala la mvua halikuwa.

Mwenye nyumba nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," halafu akaniambia nyumba hiyo amelelea watoto sita. Na kodi ya miezi sita nilishamlipa. Aliyeniokoa ni mpangaji wa upande wa pili, ambaye bafu lake lilipakana na chumba changu. Tulichanga tukaleta fundi bomba, akapasua vigae: kiungo cha bomba kilikuwa kinadondosha maji ndani ya ukuta usiku na mchana, masika na kiangazi. Mvua ilituongezea tu. Ukuta ulikauka Julai, dirisha wazi na feni imeelekezwa kwake. Godoro nililitupa, ingawa majirani walinishangaa, eti jua lingetosha. Mzee alipoiona risiti ya fundi alikaa kimya kitambo, kisha akaikata kwenye kodi.

Pumu haikumwisha kijana. Mafua yakimshika, pampu hutoka kabatini. Ila saa nane za usiku tukaanza kuzilala.

Nilipotafuta nyumba nyingine, 2020, dalali alinikuta nimepiga magoti nyuma ya kabati la watu, pua ukutani.

"Dada, umedondosha nini?"