Kibodi ya gemu: nilivyoipata hapa Arusha baada ya kupoteza hela mara moja

Mi ni mtu wa Counter-Strike, lile gemu la kompyuta la kupigana risasi, toka enzi tunalipia saa kwenye kafe ya intaneti, na hii ya 2 iliyotoka 2023 ndo nacheza nyumbani Kijenge kila jioni nikitoka kazini. Sasa kwa muda mrefu nlikua naamini mkono wangu umekua mzito. Nakimbia mbele huku navuta kushoto, nabonyeza spesi niruke kwenye boksi, jamaa haruki, anagonga boksi kwa kifua anasimama pale pale, napigwa. Nikawa nasingizia ping, yani muda wa taarifa kwenda na kurudi kwenye seva, maana seva ya karibu yetu ipo Johannesburg na mtandao wa jioni wote tunaujua.

Ikaendelea hivo mpaka binamu yangu alivyokuja kunisalimia siku moja ya Jumapili. Akakaa kwenye mashine yangu, akacheza raundi mbili tatu, akatoka kwenye gemu akafungua Notepad, ile programu ya kuandikia. Akaniambia braza shika Shift zote mbili, ya kulia na ya kushoto, usiachie, afu andika a mpaka z taratibu. Nikaandika huku naangalia monita. Herufi zingine zinatoka, zingine hakuna kitu, nagonga mara tatu mara nne, hakuna. Akasema basi mkono wako hauna shida, hii kibodi inakunyima.

Nilikaa nikaangalia zile herufi zilizoruka, roho iliniuma kwa kweli. Miaka yote hiyo.

Alinielewesha vizuri na baadae nikaja kusoma mwenyewe nikaona ni kweli. Kibodi ya kawaida ndani ina karatasi za plastiki zenye njia za umeme zimechorwa mistari ya kulala na mistari ya kusimama, kama nondo za dirisha, na kila batani ipo pale mstari mmoja unapokutana na mwingine. Ukishika batani tatu ambazo zimekaa kwenye pembe tatu za mraba mmoja, kibodi inaona kama na ya kwenye pembe ya nne imebonyezwa, haina namna ya kutofautisha, wenyewe wanaita gostingi. Kwahiyo watengenezaji wa zile za bei rahisi wameamua bora ikatae batani ya tatu kuliko iandike kitu ambacho hujabonyeza. Mtu anayechapa barua hawezi kugundua maisha yake yote maana anabonyeza moja moja. Ila wa gemu muda wote ana W na A, ana Shift, anataka spesi, hapo hapo anataka R ajaze risasi.

Na ile kibodi yangu ilikua na tatizo lingine ambalo wengi hapa mjini wanalo bila kujua. Ilikuja na dekstopu ya mtumba iliyotoka ofisini Uingereza, utazijua kwa alama ya pauni juu ya 3 na ile Enter iliyosimama. Kwenye hizo Shift ya kushoto ni fupi, wameweka batani moja ya ziada kati yake na Z. Sasa kidole cha mwisho ndo kinakaa pale muda wote kwa ajili ya kutembea kimya, kikisogea kidogo tu kinadondokea ile ya ziada, unasikika hatua zako, umekwisha. Ukinunua kibodi ya gemu tafuta ya mpangilio wa Kimarekani, Shift ndefu. Watu wanaona kitu kidogo ila mi hii naiweka juu kabisa.

Basi mwisho wa mwezi nikaingia mjini na elfu hamsini. Duka moja, silitaji, wana boksi limeandikwa gemu kwa herufi kubwa na mekanika, yani ile ambayo kila batani ina swichi yake, limechorwa joka, wakaichomeka pale kaunta ikawaka taa rangi zote. Elfu arobaini na tano. Nikaondoka nayo nimeikumbatia kwenye daladala. Kufika nyumbani nikafanya ile ya Shift mbili, herufi zikaruka vile vile. Nikachukua kisu cha mezani nikang'oa batani ya G taratibu, chini yake nikakuta nini, kikombe cha mpira. Mpira mweupe laini kama ile ya rimoti ya tivii. Hakuna swichi yoyote. Kesho yake nikarudi, yule kijana wa dukani akageuza boksi akanionesha neno dogo pembeni, kwamba inajisikia kama mekanika. Kaka ungesoma boksi, ndo jibu nililopewa, na kitu kilishafunguliwa hakirudi. Mtu anaweka neno kubwa mbele na ukweli anauficha ubavuni, mi hilo sijalisamehe mpaka leo.

Ila kile kikombe cha mpira kilinifundisha kitu cha kwanza cha kufanya dukani, ng'oa kofia ya batani moja kabla hujatoa hela. Mekanika ya kweli utakuta kimnara kidogo cha plastiki chenye alama kama ya jumlisha, na rangi. Muuzaji akikataa usimbishie, toka.

Nikatulia kama miezi miwili nikawa najisomea kila usiku. Kwenye mekanika kila batani ina swichi yake ya peke yake, springi na vyuma viwili vinavyogusana, na nyingi wanaweka dayodi kwenye kila batani, dayodi inapitisha umeme upande mmoja tu kwahiyo ule uongo wa pembe ya nne haupo tena, unaweza ukalaza viganja vyote juu yake na zote zikasoma. Swichi ambazo wengine wote wanazifuata ni za kampuni ya Cherry ya Ujerumani, aina ya MX, na haki zao za ubunifu zilipoisha muda miaka ya 2010 Wachina kina Gateron, Kailh na Outemu wakaanza kutoa zinazofanana, ndo maana leo na sisi wa mshahara wa kawaida tunaigusa mekanika.

Rangi ndo zinachanganya watu. Nyekundu inashuka nyororo moja kwa moja, haina kikwazo haina mlio, ya Cherry inataka nguvu kama gramu 45 na inasoma ukishafika milimita 2 kati ya 4 za safari yake yote. Kahawia ina kigongo kidogo katikati unakisikia kwenye kidole. Bluu ina kigongo na inatoa mlio, klik, na ni nzito zaidi. Mi nilivyoisikia bluu kwenye video nikaipenda, ule mlio ni mtamu, ukibonyeza unajua umebonyeza. Na duka la pili nililoenda, maeneo ya karibu na soko kuu, mzee mmoja mtaratibu sana aliniruhusu nije na laptopu yangu nijaribu, nikafanya ile ya Shift mbili, herufi zote 26 zikatoka. Nikang'oa kofia, bluu, Outemu. Laki moja na thelathini, tukaongea ikawa laki na ishirini. Vitufe 87, yani ile ambayo haina upande wa namba.

Kuhusu hiyo 87 niseme kidogo maana kwangu imeleta tofauti kubwa kuliko hata swichi. Meza yangu ni ndogo, imebanwa kati ya kitanda na dirisha. Na Counter-Strike wengi wetu tunaweka spidi ya mausi chini ili kulenga kutulie, sasa kugeuka nyuma inabidi mkono usafiri. Kwenye kibodi ndefu mausi ilikua inagonga upande wa namba kila nikigeuka, na nikaizoea ile kugonga mpaka nikawa siioni kama shida, nainua mausi naweka upya, nainua naweka upya. Ulipoondoka ule upande nikapata nafasi ya karibu upana wa kiganja. Wiki hiyo hiyo nikaanza kuua watu wanaonijia nyuma. Kama kazi yako ni mahesabu utazihitaji namba, mi sizihitaji.

Kibodi ikawa safi, naruka pale ninapotaka kuruka. Tatizo likaja upande mwingine kabisa. Vyumba vyetu vimepangana, ukuta ni wa tofali moja na juu dari halijafungwa vizuri, sauti inapita. Jirani yangu ni dada nesi, ana mtoto mchanga. Asubuhi moja nimetoka kuchota maji akanisalimia vizuri tu, habari za asubuhi kaka, nikamjibu, akasema samahani kaka naomba nikuulize, hivi siku hizi umeanza kushona? Nikamwambia hapana dada, kwanini. Akasema maana usiku nasikia cherehani mpaka saa saba, na mtoto akishituka ndo basi tena.

Nilijisikia vibaya sana. Mi navaa hedifoni, siku zote sijui hata inasikikaje kwa nje. Usiku huo nikavua hedifoni nikacheza dakika tano nikisikiliza, na kweli, ni cherehani. Nikatandika taulo chini ya kibodi, ikapungua mtetemo wa meza ila klik yenyewe ipo ndani ya swichi, huwezi kuizuia kwa taulo.

Na nikagundua kingine. Kwenye Counter-Strike ukikimbia kushoto ukataka kupiga risasi iende sawa inabidi usimame kwanza, na kusimama haraka unaachia A unagusa D kidogo tu. Bluu kile kidude kinachotoa mlio lazima kirudi juu kabla haijahesabu umeachia, yani pale inaposoma na pale inapoachia ni sehemu mbili tofauti, unaachia kidole ila yenyewe bado. Nyekundu inasoma na kuachia karibu sehemu moja. Kwahiyo bluu sio mbaya, ni nzuri sana kwa kuandika, ila kwa mchezo huu na kwa nyumba zetu hizi za kupanga, chukua nyekundu. Mi ningeshauriwa hivo mapema ningeokoa miezi.

Bahati yangu ile kibodi ilikua ya kuchomoa swichi bila kuchomelea, hotiswapu. Hapa nusura nipotee tena. Nlikua nishachagua Gateron nyekundu mtandaoni, kidole kipo juu ya batani ya kulipa, binamu akanipigia akaniambia angalia kwanza matundu ya hiyo kibodi, kuna matundu yaliyotengenezwa kwa Outemu tu, miguu yake ni myembamba kuliko ya wengine, ukilazimisha Gateron unaharibu. Nikachomoa swichi moja nikaangalia, kweli ni hayo hayo membamba. Nikaagiza Outemu nyekundu 90, tatu za akiba. Zilifika baada ya wiki tano, na wiki zote tano nlikua nacheza mwisho saa tatu usiku kwa heshima ya yule dada.

Kubadilisha kulinichukua Jumamosi yote. Unang'oa kofia zote kwanza, na hapo nikaona vumbi la Kijenge lote limelala chini, jekundu, kiangazi kile barabara yetu ilikua inachongwa. Nikalitoa kwa brashi mpya ya rangi. Afu unabana swichi kwa kile kikoleo chake juu na chini unavuta wima, sio kwa upande. Kuweka mpya unahakikisha miguu yote miwili imenyooka, unashusha taratibu mpaka inalia tak. Ya F7 mguu ulijikunja nikaunyoosha kwa kibanio cha nyusi cha dada yangu. Nikachomeka, nikapitia zote 87 kwenye Notepad na kwenye gemu. Zote zinasoma.

Kuna vitu sikuvifuata na sijutii. Zile zinazotangazwa zinaripoti mara 8000 kwa sekunde, ya kwangu ni 1000, yani kila milisekunde moja inasema kilichobonyezwa, na ping yangu mpaka Johannesburg inameza hizo hesabu zote. Zile za sumaku ambazo unachagua mwenyewe zisome kwenye milimita ngapi ni nzuri, nilishika moja ya rafiki, zinaachia hapo hapo kidole kinapoanza kupanda. Ila bei wakati ule ilikua ya mbali, na ile kazi yao ya kugeuza A na D zenyewe bila wewe kuachia, ambayo kampuni ya Razer waliileta 2024 kwa jina la Snap Tap, Valve wenye gemu lao waliipiga marufuku kwenye seva zao za Counter-Strike 2 mwezi wa nane mwaka huo huo, unatolewa kwenye mechi. Mi naunga mkono, kusimama vizuri ni kitu ambacho mtu amekifanyia mazoezi mwaka mzima, kisifanywe na swichi.

Usiku wa kwanza na nyekundu nilicheza mpaka saa sita. Asubuhi nikamvizia dada nesi pale bombani nikamuuliza kama cherehani imesikika. Akafikiri kidogo akasema kaka mi nilijua umesafiri.

Zile swichi za bluu 87 nimeziweka kwenye kopo la Africafe juu ya kabati, na kuna dogo wa Sombetini yupo chuo anaandika tafiti yake kwenye kibodi yenye matundu yale yale membamba, anakuja kuzichukua wikiendi. Nimemwambia akae na majirani kwanza.