Daftari la magoli

Kaskazi ya mwaka 2012 ilitukuta na mgonjwa nyumbani. Mdogo wangu, wakati huo ana miaka 14, alivunjika mguu akicheza mpira uchochoroni kwetu Kibokoni, Mombasa. Akafungwa plasta hadi juu ya goti, akaambiwa wiki sita asikanyage. Mtoto ambaye mpira kwake ulikuwa kama chakula sasa amelala kwenye kochi, mguu juu ya mto, anawasikiliza wenzake wakishangilia goli chini ya dirisha. Roho iliniuma. Ndipo nikamsogezea kompyuta.

Ilikuwa kompyuta ya mezani ya mtumba, niliyoinunua kwa akiba ya mshahara wangu wa saiba, duka la intaneti nilikokuwa nikifanya kazi: prosesa (ubongo wa mashine) ya Core 2 Duo ya gigahezi 2.2, ramu ya giga 2, kadi ndogo ya grafiki, na Windows XP. Gemu la mpira lilikuwa likienda bila tabu. Skrini niliiweka kwenye meza fupi kando ya kochi, na sipiyu, yaani lile kasha la mashine yenyewe, ikakaa sakafuni, baina ya kochi na cherehani ya Mama. Mahali pengine hapakuwapo. Mama ni mshonaji, na mwanzo wa mwaka ndiyo mavuno yake kwa sababu ya sare za skuli. Chumba kizima kilijaa majora kutoka Biashara Street, na cherehani ilinguruma kutoka asubuhi hadi adhana ya Magharibi.

Siku za kwanza zilikuwa raha tupu. Wiki ya pili nikaanza kuyasikia.

"Kaka, gemu lahengi."

Halikuwa likizima wala kuganda kabisa. Wachezaji hukimbia vizuri kama robo saa, kisha ghafla wanaburura miguu kama wamo majini. Mpira unaruka hatua. Unabonyeza kupiga, na shuti linatoka wakati beki ameshaupokonya zamani. Sauti ya watazamaji nayo inakatikakatika.

Nilikuwa na jibu tayari, kwa sababu saibani kila siku nilikuwa nikiliona: vairasi. Marafiki zake walikuwa wakija kumtazama, kila mmoja na fleshi yake. Nikamwambia ameijaza mashine takataka. Nikamnyang'anya fleshi, nikamfungia kompyuta siku tatu. Usiku nikaisafisha kwa antivairasi, nikapanga upya mafaili ya diski, mwishowe nikafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Nilijaribu gemu baada ya Isha, likateleza kama mafuta. Nikalala nikiamini nimemaliza.

Kesho yake saa nane mchana, Mama ananipigia simu kazini kwamba mtoto analia.

"Umeweka tena nini humo?" nilimuuliza niliporudi.

"Wallahi, kaka, sijaweka kitu."

Sikumsadiki. Hilo ndilo linalonikaa moyoni hadi leo kuliko mambo yote ya mashine ile.

Fundi mmoja wa mjini aliniambia ramu ndiyo tatizo, akaniuzia giga moja zaidi. Hakuna kilichobadilika. Nikaja kwenye mipangilio ya gemu: nikashusha picha kutoka 1280 kwa 1024 hadi 800 kwa 600, nikaondoa vivuli, nikaondoa mashabiki majukwaani. Picha zikawa mbovu za kutisha, na uzito ukabaki uleule. Hapo ndipo ningezinduka. Kupunguza ukubwa wa picha ni kuipunguzia kazi kadi ya grafiki. Ukishaipunguzia na mwendo usipande hata chembe, basi kadi siyo inayokuchelewesha. Kuna mwingine nyuma yake anayesubiriwa, na mara nyingi huyo ni prosesa. Nililijua hilo kwa maneno, lakini hasira za kumhukumu mtoto zilikuwa zimenifumba.

Jumapili moja nilikuwa nyumbani, yeye amelala. Kando ya mto palikuwa na daftari la skuli. Nikalifungua nikidhani ni hesabu. Kumbe alikuwa ameanzisha ligi yake. Kila mechi ina mstari wake: tarehe, saa, timu, magoli, na mwisho wa baadhi ya mistari herufi Z. Juu ya ukurasa alikuwa ameandika: "Z ni zito." Na katikati, siku tatu hazikuwa na mechi hata moja. Siku ya kwanza ameandika neno moja tu, "Nimenyang'anywa." Mbili zilizofuata ameziacha wazi.

Nilikaa na daftari lile muda mrefu. Kisha nikaanza kuzisoma zile Z kwa kidole. Mechi za baada ya Alfajiri hazikuwa na Z hata moja. Za baada ya Isha, moja tu. Kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, karibu zote zilikuwa nayo, tena kuanzia mechi ya pili au ya tatu, mara chache ile ya kwanza. Vairasi haijui Adhuhuri na Alfajiri. Joto ndilo linalojua.

Nikashusha Core Temp, programu inayoonyesha joto la prosesa, nikaiacha wazi, nikacheza mwenyewe mchana ule, dirisha liko wazi na upepo hakuna. Mashine ilianza na nyuzi joto 70. Dakika kumi, 88. Dakika kumi na tano ilikuwa inagonga 99, na papo hapo wachezaji wakaanza kuburura miguu. Nikatazama kasi ya prosesa: kutoka gigahezi 2.2 imeshuka hadi 1.2. Prosesa hii hushuka hivyo ikiwa haina kazi, na hilo ni la kawaida. Lakini katikati ya mechi inatakiwa iwe juu. Ikishuka wakati inafanya kazi, inajiokoa isiungue: ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo yenyewe, na ikipoa kidogo hupanda, kisha hushuka tena. Ndiyo ile kukatikakatika. Na kwa kuwa feni hupoza kwa hewa ya chumba tu, chumba cha mchana wa Februari chenye nyuzi 32 kinaisukuma juu kuliko chumba cha alfajiri chenye 25. Nyuzi saba hizo ndizo zilizokuwa zikiivusha mpaka.

Nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza swichi kumaliza chaji iliyobaki, nikafungua ubavu wa sipiyu.

Kilichokuwa juu ya prosesa hakikuwa vumbi la kupuliza. Nyuzi za pamba zilikuwa zimeshikana na unyevu wa bahari hadi zikawa kama kipande cha blanketi, kimelala baina ya feni na mapezi ya alumini yanayoipoza prosesa, hakuna tundu hata moja la hewa. Nilikinyanyua kwa ncha ya bisibisi kikatoka kizima, cha mviringo, na alama ya feni imechapika juu yake. Ukikisogeza machoni ulikuwa ukiona rangi: buluu ya marinda, maruni ya kaptura, nyeupe ya mashati.

Mama alisimamisha cherehani. Akakipokea kiganjani, akakigeuza.

"Hii maruni ni ya kazi niliyoitoa juzi," akasema. Kisha, bila kuinua sauti: "Na mwenzio umemlaumu wiki mbili."

Sikuwa na la kujibu. Nilizungusha ile miguu minne ya plastiki inayoishikilia feni robo duara kufuata mishale yake, nikaing'oa feni. Pesti ya kupitishia joto iliyokuwa juu ya prosesa imekauka kama chokaa. Nikaifuta kwa pamba na spiriti, nikapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Mapezi niliyapiga brashi ya rangi, na feni nikaishika kwa kidole isizunguke. Nikairudisha, nikikandamiza miguu kwa kukingamisha, mmoja huku na wa pili kona ya mkabala, hadi yote minne ikalia. Sipiyu nikaipandisha juu ya stuli, upande wa pili wa kochi, mbali na cherehani.

Mdogo wangu alikuwa ameamka kitambo, ananitazama. Nikaenda kabatini nikatoa fleshi yake, nikaiweka mkononi mwake.

"Nisamehe, ndugu yangu. Hukuwa wewe."

Hakusema kitu. Aliichomeka, akavuta kibao cha herufi juu ya plasta, akaanza mechi. Saa nane na nusu, jua kali. Nilikaa chini nikiangalia zile namba: 58, 61, 63, zikasimama hapo. Kasi 2.2. Alicheza mechi tatu mfululizo, nami sikuinuka.

Ya tatu ilipokwisha alichukua kalamu, akaandika tarehe, saa, timu, 3–1. Mahali pa Z akapaacha wazi, kisha akalisukuma daftari kwangu nione.