Chui mweusi aliyetoka kijivu: kumbukumbu ya mradi, wiki ya tano

Hatimaye! Jana saa nne usiku nimefuta neno "bandia" nililoliandika kwenye faili la ile picha ya chui, kisha nikampigia simu mwenye kamera kumwomba radhi. Wiki tatu nilikuwa nimemhukumu mtu asiye na kosa, naye muda wote akinijibu kwa upole, "Ndugu yangu, mimi sijaigusa."

Kwa aliyekosa kumbukumbu zilizopita: picha ilinifikia kwa WhatsApp, hivyo metadata yote, yaani taarifa zinazobebwa ndani ya faili kama tarehe na aina ya kamera, ilishapukutika njiani. Ni picha ya usiku ya kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, kwa infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni; chui anakatiza nyuma ya kisiki. Mwenye kamera anasema ni chui mweusi, amewahi kumwona mchana kwa macho yake. Lakini mnyama wa pichani si mweusi hata kidogo. Ni kijivu cha majivu, na madoa ya ubavuni yanahesabika. Kisiki kilicho mbele yake kina giza kuliko yeye. Nikasema basi, mtu kachukua picha ya chui wa kawaida, kaipunguza mwanga, kaibandika.

Hesabu ya mwanga ndiyo iliyonishikilia. Taa za kamera hizi zimekaa juu tu ya lenzi, na mwanga wake hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa maradufu, unabaki na robo. Kitu cheusi kilicho mita sita kitang'aaje kuliko gome la mti lililo mita nne? Niliirudia hesabu hiyo usiku baada ya usiku. Nikabadilisha makadirio ya umbali, nikapima vivuli, nikapima mwangaza wa pikseli za manyoya moja moja, jibu lile lile. Na hesabu kweli haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye neno "cheusi".

Juzi nikatundika kwenye kamba fulana nyeusi ya pamba na mfuko mweusi wa plastiki, kwanza mita tatu kutoka kwenye kamera yangu ya mtego, halafu mita sita. Kwa macho vyote ni vyeusi tii. Picha zilipotoka, mfuko ulikuwa shimo la giza, na fulana ilikuwa nyeupe kama shuka lililotoka kufuliwa, mshono wa bega unaonekana uzi kwa uzi. Hata kwenye mita sita iliushinda mfuko wa mita tatu. Rangi ya kitambaa kile inameza mwanga tunaouona sisi, lakini ule wa infraredi, wa nanomita 850, inauachia upite, nao unarudi kwenye lenzi.

Manyoya ya chui mweusi nayo ndivyo yalivyo. Ule weusi unaofunika madoa mchana hupoteza nguvu kwenye infraredi, na madoa yanajitokeza. Mwaka 2015 kulichapishwa utafiti uliofanywa Malaysia ambapo kamera zililazimishwa kupiga kwa infraredi hata mchana, ili chui weusi watofautishwe mmoja mmoja kwa madoa yao. Yaani jambo nililolishikilia kama ushahidi wa uongo ndilo ambalo chui mweusi wa kweli anapaswa kuonyesha! Sasa nikiletewa picha ya infraredi yenye chui mweusi tii, karibu na taa, bila doa hata moja, huyo ndiye nitakayemtilia shaka.

Kuhusu zile programu zinazopima mgandamizo wa JPEG, yaani jinsi faili la picha lilivyobanwa, na kukuwashia sehemu "zilizochezewa": nimezifuta zote. Nilizipa picha ya fulana, ambayo niliipiga mwenyewe na kuitoa kwenye kadi mwenyewe, zikaniwashia fulana yote pamoja na ukanda wa chini wenye tarehe na joto. Zinawaka penye kingo kali, basi. Watu wanaitwa waongo kwa kipimo hicho, na inaniuma kwa sababu nami nilikitumia. ExifTool, programu ya kusoma metadata, sitaiacha. Haina madoido, inamwaga maandishi tu, lakini inakuonyesha hata kile kijipicha kilichofichwa ndani ya faili, ambacho wakati mwingine hubaki vilevile hata picha kubwa ikibadilishwa. Na megapikseli zisikutishe: kamera nyingi za mtego hukuza picha kutoka kwenye sensa (kipokea mwanga cha kamera) ndogo, kwa hiyo dalili za kukuzwa hazitoshi kumshtaki mtu.

Fulana ilinivunjia shaka, haikuthibitisha picha. Kilichothibitisha ni memori kadi. Niliomba kadi nzima, si picha moja, na ombi hilo sitaliacha tena. Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yaliiondoa picha ya mla-mchwa iliyokuwa imeshinda tuzo; mpiga picha alitoa faili za picha alizopiga kabla na baada ya ile, na mla-mchwa hakuwemo hata katika moja. Simbamarara aliyedaiwa kupigwa picha Shaanxi, China, mwaka 2007 alitoka kwenye picha ya ukutani, na katika picha zote mkao wake ulikuwa ule ule.

Huyu wetu hakukaa mkao mmoja. Fremu tatu, namba za faili zinafuatana. Ya kwanza ni kichwa na bega. Ya pili, mguu wa mbele umenyanyuliwa na umekuwa ukungu kwa mwendo, ilhali sikio limetulia kabisa, na jani moja la nyasi linakatiza mbele ya mguu, limeng'aa kuliko mnyama kama majani mabichi yanavyong'aa kwenye infraredi. Ya tatu imebaki ncha ya mkia tu. Lile jani limelala upande alikoelekea. Nililitazama jani hilo muda mrefu kuliko nilivyomtazama chui.

Wiki hii nilipanga kuanza alama ya kelele ya sensa, ile ya kutambua kamera iliyopiga picha. Inangoja. Nataka kuziba kitambua mwanga cha kamera yangu kwa mkanda mweusi, idhani ni usiku, ipige infraredi mchana kutwa, nitundike kila kitu cheusi nilicho nacho: ngozi, sufu, manyoya, mkaa, mpira. Mkanda nimeshaukata. Ngozi inaanza kesho asubuhi.