Damu yangu ilipokataliwa

Nilikwenda kumtolea damu mdogo wangu aliyekuwa akisubiri upasuaji. Nikatoa, nikapewa soda na biskuti, nikarudi zangu Wete. Siku chache baadaye simu ikalia: njoo, tuna mazungumzo. Nina homa ya ini C.

Nilimbishia daktari. Mie nalima, nashuka pwani, nalala vizuri, macho yangu meupe pe! Akaniambia kirusi hiki kinaweza kukaa kwenye ini miaka 20 au 30 kikilitia makovu kidogo kidogo, na mwenyewe asihisi kitu. Kipimo cha mwanzo huonesha tu kwamba mwili umewahi kukutana nacho, kwani wapo wanaokifukuza wenyewe. Nikapimwa tena, mara hii kikatafutwa kirusi chenyewe. Kimo.

Njia yake kubwa ni damu. Akaniuliza kama nimewahi kuongezwa damu: la. Sindano za mitaani: la. Kuumikwa, yaani kuchanjwa na kuvutwa damu kwa pembe? Hapo nikanyamaza. Zamani kila mgongo ukiniuma nilikwenda kuumikwa, tumekaa foleni vifua wazi, wembe ule ule unafutwa kwa kitambaa, unahamia mgongo wa pili. Siwezi kuapa kuwa nilikipata pale, lakini foleni ile naiona mpaka leo.

Nyumbani mama watoto akanitengea sahani na kikombe. Nikamwambia nilivyoambiwa, kwamba hakipiti kwenye chakula wala kikombe. Tusichangie wembe, mswaki na mkasi wa kucha. Akapimwa, hana. Sahani ikarudi kabatini.

Kosa langu lilikuwa chupa. Wakati nasubiri dawa, binamu aliniletea maji ya mizizi, "yanasafisha ini, kaka". Nikanywa wiki tatu. Vipimo vya ini vikapanda. Daktari hakunigombeza, aliuliza tu: "Hii chupa ina nini ndani?" Sikujua, na binamu naye hajui. Labda si yenyewe iliyovipandisha, ila nililichosha ini langu kwa kitu nisichokijua jina. Niliimwaga chini ya mgomba.

Nikataka basi nipewe orodha ya vyakula vya dawa. Akacheka. Hakuna chakula kinachoua kirusi hiki. Ila altrasaundi ilionesha ini langu lina mafuta, na hayo niliyapika mwenyewe: chai ya vijiko vinne vya sukari, mkate wa kumimina, halua kila harusi. Ini lenye kirusi na mafuta juu yake huharibika haraka zaidi. Basi chai ikawa kavu. Samaki wa kuchoma, mchicha, muhogo wa kuchemsha. Kasimele ndiyo iliyoleta ugomvi; mke wangu anasema mchuzi bila tui zito ni maji ya kuoshea samaki. Tukapatana tui la pili, kasimele ibaki kwa wageni. Karanga zenye ukungu tukazitupa kwa sababu ya sumukuvu, ambayo huleta saratani ya ini. Pombe sikuwa nanywa, la kuacha halikuwepo.

Kahawa nilidhani itapigwa marufuku. Kumbe imeruhusiwa, tena utafiti umeona wanywaji wake wana makovu machache ya ini. Kilichokatazwa ni kashata. Nikikaa barazani na kikombe changu cha kahawa chungu bila kashata, wazee hunicheka.

Dawa yenyewe ni vidonge, sofosbuviri na daklatasviri, mara moja kwa siku kwa wiki 12. Kabla ya kuanza nilipimwa homa ya ini B, maana vidonge hivi vinaweza kuiamsha. Ramadhani ilinikuta katikati. Kwa ruhusa ya daktari nikawa nameza baada ya kufuturu. Kichwa kiliuma wiki ya kwanza, basi.

Wiki 12 baada ya kumaliza nikapimwa tena. Hakimo. Kile kipimo cha mwanzo, lakini, kitaendelea kuonesha alama maisha yangu yote, kwa hiyo kutoa damu ndiyo basi. Wala sina kinga: nikichanjwa tena kwa wembe mchafu, naweza kukipata upya, na chanjo yake haipo.

Kinyozi wangu alinuna siku ya kwanza nilipotoa wembe wangu mfukoni. Siku hizi akiniona tu anatandaza mkono: "Lete chako, bwana."