Santuri mbili, Caruso mmoja

Jamani mi nimevamiwa na ugonjwa wa santuri 😂 Jumamosi nimeokota mbili za Caruso, yule mwimbaji wa opera wa Italia, kwenye mnada wa vitu vya zamani hapa Marekani, zote za kampuni ya Victor ya huku Marekani, lebo nyekundu, namba ileile, muuzaji anasema ni zilezile chukua moja tu. Nikazigeuza, aah wapi! Moja imeandikwa "Grand Prize", hizo lebo ni za 1905 mpaka 1908, nyingine ina urembo juu kama mabawa ya popo na wakusanyaji wanaiita hivyohivyo, popo, hiyo ilianza 1914 ikaenda mpaka 1926. Yaani sauti imerekodiwa mara moja lakini sahani zikawa zinachapwa miaka na miaka, nguo ndo inabadilishwa. Nyuma hazina muziki, Victor nyekundu mpaka 1923 ndo zikawa na nyimbo pande mbili, za lebo nyeusi zilitangulia tangu 1908. Na yule mbwa anayesikiliza bomba la gramafoni, nembo ya Victor na pia ya HMV, kampuni ya santuri ya Uingereza, yupo kwenye zote, kwa Uingereza yeye alikuja kwenye lebo 1909 kumtoa malaika mwenye kalamu, nembo yao ya zamani. Mbwa huyohuyo ndo wa kampuni iliyomrekodi bibi yetu Siti binti Saad kule Bombay 1928, nikipata hata kipande chake nitalia.

Sasa kosa langu, hiyo ya popo nilipangusa na spiriti, nikasahau santuri hizi ni za shelaki, na shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Imebaki na doa la kijivu kama ukurutu, mke wangu anacheka mpaka leo.