Tutaziweka akiba

Leo ni Alhamisi, na maneno haya niliambiwa Jumapili, kwa hiyo ni siku ya nne ninalala nayo na kuamka nayo. Kama yangeniachia nafasi, ningeandika habari ya barua ya uhamisho iliyofika Jumatatu ikinitaka niripoti wilayani Same Januari, au habari ya kaka Anselmi, ambaye hatimaye amemaliza kesi ya mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, baada ya miaka sita. Lakini kila nikikaa kuandika, ninachosikia ni sauti ya Kelvin chini ya turubai, akiniambia kwa adabu zote kwamba picha zangu zitawekwa akiba.

Tulikuwa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika kipaimara cha Neema. Tulikuwa tumesharudi kutoka kanisani na watu wanasubiri ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, iingizwe. Kelvin alinikuta kando ya meza ya soda nikibadilisha lenzi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hii kamera bado inapiga?"

"Inapiga."

Akaichukua, akaipimapima mkononi kama mtu anayechagua kuku sokoni, akanirudishia. "Basi piga na wewe, shangazi, tutaziweka akiba."

Nami nikasema, "Haya."

Hilo "haya" ndilo linaloniuma kuliko "akiba" yenyewe. Tangu mwaka 2013, nilipoinunua kamera hii kwa mgeni aliyekuwa ameteremka mlimani na kaka Anselmi, nikalipa kwa malimbikizo yangu ya mshahara, hakuna ndoa wala msiba wala ubatizo wa nyumba yetu ambao sikuupiga picha. Sikuwahi kuombwa, na sikuwahi kudai chochote. Ilikuwa kazi yangu kama ilivyo kazi ya Mama Neema kupika pilau, na mtu hamwambii Mama Neema apike tu, pilau yake itawekwa akiba. Kelvin hakukusudia ubaya. Anapiga picha za harusi Dar es Salaam, anaishi kwa kazi hiyo, na kamera yake ni ya aina mpya isiyo na kioo ndani, ambayo hupiga mfululizo bila sauti yoyote. Hayo yote nayajua, na bado tangu Jumapili nimekuwa nikimjibu kimoyomoyo, nikiwa jikoni, nikiwa kwenye daladala, na usiku taa ikiwa imezimwa.

Jumatatu jibu langu lilikuwa la hesabu. Kamera yangu ni Nikon D90, iliyotangazwa Agosti 2008, na picha yake ina pikseli 4,288 kwa 2,848, yaani megapikseli 12.3. Ukurasa wa A4 ukichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi unahitaji pikseli 3,508 kwa 2,480, kwa hiyo picha ile inaujaza ukurasa na kubakiza. Picha kubwa kuliko zote nyumbani ni ya baba, ile ya sebuleni juu ya redio, nayo ni ya A3. Kelvin ameitazama tangu yuko darasa la tano, na sijamsikia hata siku moja akisema ina kasoro.

Jumanne jibu likawa la lenzi. Kifungio cha lenzi cha kamera hii ni kile ambacho Nikon walianza nacho mwaka 1959, na lenzi yangu ya milimita 50, ambayo haina mota yake yenyewe, inafanya kazi kwa sababu ndani ya mwili wa D90 mna mota inayozungusha parafujo ndogo mpaka sura ya mtu itulie sawasawa, jambo ambalo kamera nyingine za Nikon, D40 na D60, hazikuweza kulifanya. Nilitaka pia kumwambia kwamba hii ndiyo kamera ya kwanza ya kidijiti yenye kioo kurekodi video, ingawa mimi video nimeitumia mara mbili tu. Katika kumjibu huko sikutaka kumficha upungufu wa kamera yangu. Ndani ya kanisa lenye giza, ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 3,200, chembechembe hujaa kwenye mashavu ya watu kama unga wa mahindi. Kadi ya GB 64 haiipokei kabisa, inataka ya GB 32 au pungufu, na mara mbili nimeshauziwa isiyofaa.

Jana asubuhi, kabla Kibo haijafunikwa na mawingu, niliitoa kamera kwenye mkoba, nikakaa nayo barazani, na hapo ndipo nilipopata jibu ambalo kwa kweli ni langu, wala halina hesabu.

Wanafunzi wangu huionja habari hii kila tunapofika kwenye somo la mwanga, kwa sababu huipeleka kamera darasani na kuwapa wachungulie mmoja mmoja. Mwanga huingia kwenye lenzi, hukutana na kioo kilichoinama nyuzi 45, hupanda juu, hupita kwenye prizimu ya kioo kizito inayougeuza ule mchoro ili uonekane wima, kisha huingia jichoni. Hakuna umeme katika safari hiyo yote. Unaweza kuitoa betri, ukachungulia, na bado ukamwona mtu aliye mbele yako, kwa mwanga ule ule uliomgusa usoni, bila kuonyeshwa picha yake kwenye kiskrini. Nimechungulia kwenye kamera ya Kelvin, na sikatai kwamba ina faida: unaiona picha itakavyokuwa kabla hujaipiga, ung'avu wake na rangi zake. Lakini kinachoonekana mle ni televisheni ndogo. Ninapomtazama mama yangu kupitia kamera yangu, ninamtazama mama yangu.

Kisha kuna kile kitendo chenyewe. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu ili kuupisha mwanga, mapazia yanafunguka na kufunga, kioo kinaanguka mahali pake, na kwa kipande hicho cha sekunde jicho lako halioni kitu, giza tupu. Miaka yote hii nimeishi na jambo hilo bila kulisema kwa mtu. Ule muda ambao picha inauhifadhi ndio muda ambao mpiga picha hakuuona. Ile picha ya baba iliyo juu ya redio, lile tabasamu la upande mmoja, sikuliona mimi. Nililikuta kwenye picha. Hata pembeni ni hivyo, kwa sababu kitundu cha kutazamia cha D90 kinaonyesha kama asilimia 96 tu ya kile kitakachopigwa, na mara nyingi nimefika nyumbani nikakuta mkono wa mtoto ukingoni, umeshika kanga ya mtu, nami sikujua kwamba alikuwapo.

Nilikuwa nimeshamwandalia Kelvin hotuba nzima ya hayo, ndipo jana jioni albamu yake ikaingia kwenye kundi la familia. Picha ni nzuri. Neema anang'aa, ndafu inang'aa, na mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata inaonekana povu lake moja moja. Nilizipitia mpaka nikafika kwa mama. Kelvin alimpiga picha 31 mfululizo pale kwenye kiti chake chini ya mgomba, na katika zote 31 mama amebana midomo, ameinua kidevu na kukaza shingo kama mtu anayengoja sindano.

Nikakumbuka. Mimi nilikuwa nyuma ya Kelvin wakati ule, nimenuna, nafunga mkoba wangu, nami niliyasikia yote bila kuyasikiliza.

"Bibi, tazama hapa."

Kimya. Kisha mama: "Umeshapiga?"

"Nimeshapiga, bibi, tena nyingi sana."

"Mbona sijasikia?"

Mnayajua macho ya mama. La kushoto lina mtoto wa jicho, na la kulia linaona mwanga na vivuli. Mama haioni kamera, huisikia. Huvuta pumzi, hujikaza, hungoja ule mlio wa kioo, na akishausikia hushusha mabega na uso wake unarudi kuwa wake. Nimelijua hilo kwa miaka mingi bila kulifikiria, ndiyo maana mama huwa nampiga picha mara mbili: ya kwanza ni ya kumfungua, ya pili ndiyo picha. Kwa Kelvin hakukuwa na mlio wa kumfungua. Alikaa pale, bibi wa watu, amekaza shingo, akingoja kitu ambacho kilikuwa kimeshapita mara 31.

Hasira yangu yote iliishia hapo, na sikuibadilisha kwa furaha ya kushinda, kwa maana hapakuwa na la kushinda. Niliona huruma, kwa mama kwanza, halafu kwa Kelvin, ambaye alifanya kila kitu vizuri na hakuna aliyemwambia. Zangu za siku ile nilikuwa bado sijazifungua. Nilizitia kwenye kompyuta usiku huohuo. Za mama ni mbili tu, nilizompiga asubuhi alipokuwa akivishwa kitenge na Mama Neema. Katika ya kwanza amebana midomo. Katika ya pili mdomo umefunguka kidogo, mkono mmoja umeshika ukingo wa kitenge, na anaelekea kusema jambo, nadhani alikuwa anauliza kama chai ya wageni imetosha.

Leo asubuhi nimempigia Kelvin.

"Shangazi, shikamoo. Umeziona picha?"

"Marahaba. Nimeziona, ni nzuri sana, hongera. Kelvin, hiyo kamera yako inaweza kutoa mlio?"

"Inaweza, shangazi. Huwa nauzima, kanisani unasumbua."

"Ukimpiga bibi, uwashe. Halafu umpige tena baada ya mlio."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa nini, nikamweleza. Sikumwambia habari ya neno lake. Alisema atakuja Pasaka na atafanya hivyo, na akaniomba ile ya pili ya mama, nikamtumia ikiwa kamili, bila kuipunguza ukubwa.

Nilitaka niendelee kidogo na habari ya betri, maana ile ya pili imeanza kuvimba, lakini Mama Neema amepiga simu sasa hivi kutoka Kibosho. Ng'ombe wa mama hajala tangu jana jioni, amelala upande mmoja na hataki kuinuka, na bwana mifugo hapokei simu.